Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Afya, Elimu na Viwango: Adrenalini Iwe Karibu na Mtoto Mwenye Mzio wa Njugu

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, Magavana wa Kaunti, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), Bodi ya Dawa na Sumu, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Waheshimiwa,

Ninaandika nikiwa mzazi mkazi wa Mombasa. Binti yetu ana umri wa miaka saba na ana mzio wa njugu karanga wa kiwango cha kuhatarisha maisha, na kwa muda sasa yumo katika matibabu ya kuuzoesha mwili wake kitu kile kile unachokikataa. Sikusudii kumshtaki mtu yeyote. Ninataka kuwaeleza familia kama yetu inatumaini nini wakati wa matibabu haya, matumaini hayo yanategemea nini, na kwa nini tegemeo lake kubwa, yaani adrenalini, sindano ya kumwokoa aliyezidiwa na mzio, kupatikana karibu na mtoto na kudungwa mapema na mtu anayejua anachofanya, limo mikononi mwenu kuliko lilivyo mikononi mwetu.

Kwa asiyeifahamu, tiba yenyewe huenda hivi. Mtoto hulishwa unga wa njugu uliopimwa kwa mizani nyeti, akianza na kiasi kidogo mno, ambacho katika ratiba inayotumika sana ni nusu miligramu ya protini ya njugu. Kipimo huongezwa hatua kwa hatua, kila baada ya wiki mbili hivi, mbele ya daktari, na kila baada ya kumeza kipimo kipya mtoto hukaa hapo hapo akichunguzwa kwa muda wa saa nzima. Akikivumilia, huendelea kukila nyumbani kila siku bila kukosa mpaka zamu nyingine ifike. Mwisho wa hatua hizo ni miligramu 300, ambazo ni takriban protini iliyomo katika punje moja ya njugu, na akishafika hapo huendelea kula kiasi hicho kila siku kwa miaka, kwa kuwa akiacha, kinga aliyoijenga huweza kupotea.

Hakuna daktari aliyetuahidi kwamba mtoto atapona, wala kwamba siku moja ataketi na bakuli la njugu mapajani kama wenzake. Tulichoelezwa ni kwamba akifanikiwa, kosa dogo la jikoni au la dukani halitatosha kumuua. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2018, watoto na vijana wa miaka 4 hadi 17 waliotibiwa kwa njia hii walipojaribiwa mwishoni, asilimia 67 kati yao waliweza kumeza miligramu 600 za protini ya njugu bila dalili za kutisha, ilhali miongoni mwa waliopewa unga usio na njugu walioweza walikuwa asilimia 4 tu. Januari 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hii, na mwaka 2024 ikairuhusu itumike kuanzia umri wa mwaka mmoja. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, iliidhinisha pia sindano ya omalizumabu kwa wenye mzio wa vyakula, dawa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitumika kutibu pumu. Sisi hatutumii dawa hizo za kiwandani. Daktari wetu bingwa, ambaye yuko Nairobi, hutumia unga wa kawaida wa njugu anaoupima mwenyewe, nasi humfuata huko kwa treni kutoka Miritini hadi Syokimau kila zamu ya kuongeza kipimo inapowadia.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalisikii mpaka wawe tayari wamekata shauri, nami naona ni haki lisemwe hadharani. Mtoto aliye katika tiba hii, katika miezi ya kuongezewa vipimo, hupatwa na mshtuko wa mzio mara nyingi zaidi kuliko mtoto anayeepushwa njugu kabisa. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba mshtuko huo uliwapata takriban asilimia 22 ya waliotibiwa, ikilinganishwa na asilimia 7 ya wasiotibiwa. Si ajabu, kwa maana mmoja anakula njugu kila siku na mwenzake anazikimbia. Mzazi anayechagua tiba hii anakubali hatari ndogo ndogo za leo, anazozitarajia na kuzisimamia, ili kuikinga ile kubwa ya kesho ambayo hajui itatokea wapi. Hesabu hiyo ina maana pale tu ambapo mtoto akizidiwa, adrenalini ipo. Pasipokuwa na adrenalini, tunachokiita matibabu ni bahati nasibu, na ndiyo maana nasema kwamba tiba hii mpya haipunguzi hata kidogo haja ya ile dawa ya zamani, huiongeza.

Ndani ya nyumba, tiba imepanga siku yetu upya. Kipimo hakiliwi tumbo likiwa tupu. Hakiliwi mtoto akiwa na homa, wala akiwa na kifua kilichobana, na baada ya kukila anatakiwa atulie kwa muda wa saa mbili au zaidi, asikimbie, asiruke kamba, asioge maji ya moto, kwa sababu mwili ukipata joto huweza kukikataa kipimo ambacho jana ulikipokea vizuri. Mtoto anayetoka shule akaingia madrasa, kisha akarudi kucheza na wenzake mpaka magharibi, hubakiwa na nafasi moja tu, nayo ni baada ya chakula cha usiku, tena mapema kiasi cha kutosha ili asilale kabla hatujahakikisha kwamba yuko salama. Mwezi wa Ramadhani, ambapo yeye hupenda kufunga nusu siku pamoja na nduguze ijapokuwa hajafikia umri wa kulazimika, daktari alituelekeza kipimo kifuate futari iliyoshiba, na wenziwe wakikimbizana barazani yeye hukaa na bibi yake. Bibi huyo, ambaye maisha yake yote amepika mchicha wa njugu, aliacha kuupika bila kuombwa na mtu.

Matumaini nayo si mamoja kwa kila mmoja wetu. Bibi anatumaini uponyaji kamili na anauombea dua, na hatumkatazi. Mama yake mtoto anatumaini siku atakapomwacha bintiye harusini pamoja na mabinamu zake bila kuulizia kila sinia lililotiwa nini. Mimi hutumaini kitu kidogo zaidi, kwamba simu ya shule ikilia mchana isinipige moyo. Na mtoto mwenyewe anataka kununua mabuyu langoni mwa shule kama wenzake, ambayo leo hawezi kununua kwa sababu muuzaji hufunga mabuyu, chevda na njugu kwa mikono ile ile na kuvichota kwa kikombe kile kile. Kati ya matumaini yote haya, naliona lake kuwa ndilo la busara zaidi, kwa kuwa ndilo hasa tiba hii inaloweza kulitimiza.

Sasa niizungumzie adrenalini kwa kirefu, maana ndiyo kiini cha barua hii.

Mshtuko wa mzio, ambao madaktari huuita anafilaksia, unaweza kuanza dakika chache baada ya chakula kumezwa. Midomo huvimba, mwili hutoka mabaka ya kuwasha, sauti hukwaruza, kifua hubana, mtoto hutapika, presha ya damu hushuka, naye hulegea. Dawa za kawaida za mzio tunazozinunua madukani hutuliza kuwashwa na mabaka, lakini hazifungui njia ya hewa wala hazipandishi presha. Inayofanya kazi hiyo ni adrenalini, ikidungwa katika msuli wa paja kwa upande wa nje, kwa kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto. Kwa mtoto wa kilo 20, ni mililita 0.2 kutoka katika ampuli ya kawaida yenye miligramu moja kwa mililita, na hali isipotulia, kipimo hicho hurudiwa baada ya dakika tano hadi kumi na tano. Kisha mtoto anapaswa kuangaliwa hospitalini kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi zikishaonekana kuwa zimekwisha.

Kabla hatujaanza tiba, binti yetu alikula kipande cha keki katika sherehe ya jirani, nasi tukamkimbiza katika kituo cha afya kilichokuwa karibu. Alidungwa dawa ya kutuliza mzio, akadungwa steroidi, akawekewa oksijeni, na adrenalini ilikuja mwisho kabisa, baada ya muuguzi kumpigia simu mkubwa wake na kupewa ruhusa. Dawa ilikuwepo kabatini muda wote huo. Sikitaji kituo hicho, na yule muuguzi namshukuru mpaka leo, kwa kuwa alifanya alilofundishwa na alimhurumia mtoto wetu kama wake. Lakini tukio hilo lilinionyesha kwamba dawa inaweza kuwa katika Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ikanunuliwa na KEMSA, mamlaka ya serikali ya kununua na kusambaza dawa, ikasafirishwa mpaka kabati la zahanati, na bado isimfikie mgonjwa kwa wakati, kwa sababu aliyesimama mbele yake anaiogopa au hana ruhusa ya kuitumia.

Kwa hiyo, ombi langu la kwanza kwa Wizara ya Afya na kwa kaunti haligharimu dawa mpya. Toeni mwongozo mmoja mfupi, wa ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani katika kila zahanati na kila chumba cha dharura, unaoonyesha dalili za anafilaksia na kipimo cha adrenalini kulingana na uzito wa mtoto, na umruhusu muuguzi au afisa wa kliniki kudunga papo hapo bila kusubiri simu. Wafundisheni hivyo wanafunzi wa KMTC, chuo cha taifa cha mafunzo ya utabibu, kabla hawajahitimu. Wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja, ambao serikali iliwatuma vijijini na mitaani mwaka 2023 wakiwa na mikoba ya vifaa, wafundishwe angalau kuzitambua dalili hizo na kujua kituo cha karibu chenye dawa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaobishiwa hodi kwanza.

Ombi la pili ni kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Katika nchi tajiri, familia hubeba sindano maalumu ya kujidunga, yenye kipimo kamili ndani yake, ambayo hata mwalimu anaweza kuitumia baada ya maelezo ya dakika chache. Duniani kote sindano hizo zinapatikana katika takriban theluthi moja tu ya nchi. Sisi hatukuzipata katika maduka ya dawa tuliyoyaulizia, na tulizo nazo zililetwa na jamaa aishiye Uingereza. Muda wake wa matumizi huisha upesi, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au mwaka na nusu, na watengenezaji wake huelekeza zihifadhiwe katika joto la takriban nyuzi 25, jambo ambalo mkazi yeyote wa Pwani mwezi wa Machi anajua ugumu wake. Tunaomba mrahisishe usajili na uingizaji wa sindano hizi. Na kwa kuwa bei yake huenda ikabaki juu kwa muda, tunaomba muidhinishe pia kifurushi rahisi cha ampuli, mabomba madogo ya sindano ya mililita moja na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, ambacho daktari anaweza kumwandikia mzazi aliyefundishwa kukitumia. Daktari wetu alitufundisha njia hiyo, nasi tumejizoeza kwa kudunga chungwa. Si njia nzuri kama ile ya sindano iliyo tayari, kwa sababu mikono hutetemeka mtoto anapozidiwa, ila ni bora mara nyingi kuliko mikono mitupu.

Kwa Wizara ya Elimu nasema hivi: mwalimu anayemdunga mtoto wakati wa hatari anahitaji kulindwa na sheria. Walimu wa binti yetu ni watu wema, na mmoja wao aliniambia waziwazi kwamba yuko tayari kumpa mtoto maji, kumbeba na kumkimbiza hospitalini, lakini sindano hataigusa, kwa sababu mambo yakiharibika atasimama peke yake mbele ya mahakama. Ana haki ya kuogopa. Uingereza iliruhusu shule tangu Oktoba 2017 kununua na kuweka sindano za adrenalini kwa ajili ya dharura bila kusubiri cheti cha daktari kwa mtoto mmoja mmoja. Kenya inaweza kuanza na waraka wa wizara unaosema ni nani katika kila shule atafundishwa, dawa itawekwa wapi, itakaguliwa na nani muda wake usipite, na kwamba aliyefundishwa akidunga kwa nia njema hataadhibiwa.

Mtaniuliza watoto hawa ni wangapi hata serikali ihangaike hivyo, na ni swali la haki. Utafiti mzuri wa karibu nasi ninaoujua ni wa Afrika Kusini, ambapo watoto wadogo wa mjini Cape Town walijaribiwa kwa kulishwa vyakula chini ya uangalizi, ikaonekana kwamba asilimia 2.5 wana mzio wa chakula, ilhali wenzao wa vijijini walikuwa asilimia 0.5. Hata tukichukua kile kidogo cha vijijini, katika shule ya wanafunzi elfu moja ni watoto watano. Tunaomba hospitali za rufaa ziwekewe daftari moja la kitaifa la wagonjwa wa anafilaksia, ili mwakani anayeuliza swali hili ajibiwe kwa takwimu za Kenya.

Kwa SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya ile hazina ya zamani ya bima ya hospitali (NHIF), tunaomba mzio mkali wa chakula uandikwe waziwazi katika orodha ya huduma zinazolipiwa: kumwona mtaalamu, vipimo vya ngozi na vya damu, adrenalini ya kubeba nyumbani, na zile saa za kuangaliwa hospitalini. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya lishe na huduma ya afya. Tiba ya kuuzoesha mwili siiombei leo ilipiwe yote, ingawa naitamani, kwa maana najua kuna watoto wa saratani na wa figo wanaosubiri kwenye foleni hiyo hiyo, na familia iliyo na uwezo wa kupanda treni kwenda Nairobi haiwezi kudai itangulie mbele yao.

Kuhusu lebo za vyakula nitasema machache. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo kuhusu bidhaa na haki ya kulindwa afya yake. Mwaka 2019 KEBS ilisimamisha uuzaji wa chapa kadhaa za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na nchi nzima ikaona kwamba shirika hilo likiamua, linaweza. Nguvu hiyo hiyo ielekezwe kwenye unga wa uji unaochanganywa nafaka, njugu, ufuta na soya, ambao mara nyingi huuzwa katika mifuko isiyoandikwa yote yaliyomo. Uingereza ilibadilisha sheria yake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021 baada ya msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, kufariki mwaka 2016 kwa kula mkate uliokuwa na ufuta usioandikwa kwenye karatasi yake. Sisi tusingoje jina la mtoto wa kuipa sheria.

Nisieleweke, hata hivyo, kuwa naomba njugu zipigwe marufuku shuleni au zitolewe katika uji wa watoto. Njugu ni protini ya mwenye kipato kidogo, na ile lishe ya pakiti inayowaokoa watoto wenye utapiamlo mkali huko Turkana na kwingineko imetengenezwa kwa njugu zilizosagwa. Isitoshe, utafiti uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, uliofuatilia watoto 640 waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kupata mzio, ulionyesha kwamba walioanza kulishwa njugu wakiwa wachanga, kati ya miezi minne na kumi na mmoja, walipofika umri wa miaka mitano walikuwa wamepata mzio huo kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walioepushwa. Bibi zetu waliowalisha wajukuu uji wa njugu mapema huenda waliwakinga wengi bila kujua. Kuzificha njugu kwa hofu kungezidisha tatizo ninalolilalamikia.

Ombi la mwisho ni la Pwani. Kwa mzazi wa Lamu, Kwale au Tana River, hata Mombasa ni mbali, seuze Nairobi. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani ingeweza kuwa na siku moja kwa mwezi ya kliniki ya mzio kwa watoto, ikiongozwa na daktari wa watoto aliyepewa mafunzo ya ziada, yenye kitanda cha kumwangalia mtoto aliyepewa kipimo kipya. Vifaa vyake vikubwa ni mizani, kitanda, oksijeni, adrenalini na mtu aliyetulia. Familia zilizoacha tiba katikati kwa kushindwa na nauli zingeweza kurudi.

Waheshimiwa, nimeuliza mambo ambayo kila ofisi inaweza kuyajibu kwa upande wake. Ninaomba Wizara ya Afya itueleze iwapo mwongozo wa ukurasa mmoja utatolewa kabla ya muhula wa kwanza wa mwaka ujao, Bodi ya Dawa na Sumu itueleze utaratibu wa kusajili sindano za kujidunga umefikia wapi, na Wizara ya Elimu itaje afisa ambaye wazazi na walimu wakuu wanaweza kumwandikia kuhusu waraka huo. Daftari letu la vipimo, lenye tarehe, kiasi na dalili za kila siku, liko tayari kwa kamati yoyote ya afya, ya bunge au ya kaunti, itakayotaka kulisoma, na tutalileta wenyewe tutakapoitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa njugu,
Mombasa.